Maji ya Kilimanjaro yanafika Pangani, fedha ya Moshi bado

Na Mwandishi Wetu, Moshi

Kikundi cha wafanyabiashara 12 wa soko la Mbuyuni mjini hapa kimekuwa kikiweka akiba kwa miaka sita, na hivi karibuni kilifikia kiasi ambacho wanachama wake waliona kinatosha kuingia katika biashara ya utalii. Nyumba ya wageni mjini Moshi hawakuitaka, kwa kuwa kila mtaa una yake. Dalali mmoja akawaletea picha ya kiwanja cha ufukweni, kusini mwa mdomo wa Mto Pangani: mchanga mweupe, minazi, na bahari iliyotulia kama maji ya mtungini. Bei ilikuwa karibu sawa na akiba yote. Kabla ya kulipa waliamua kumtuma mtu akaangalie, na kwa kuwa mama yangu ni mmoja wa hao 12 (nakiri mapema, msomaji asije akasema nimeficha), aliyetumwa ni mimi, mwenye shahada ya biashara ambayo hadi sasa pale nyumbani ilikuwa ikitumika kuhesabu michango ya harusi.

Habari ya safari ilipozagaa, wanane kati yao walisema hawawezi kununua kitu kwa macho ya mtoto wa mwenzao. Tukakodi basi dogo, tukaondoka Moshi mwishoni mwa Julai, saa kumi na moja alfajiri.

MTO MMOJA

Kabla ya hesabu, jiografia kidogo. Wengi wetu tuliolelewa kwenye migomba ya Marangu, Kibosho na Machame tunajua maji yanatoka mlimani, lakini hatuulizi yanaishia wapi. Yale yanayoteremka upande wa kusini wa Kilimanjaro, pamoja na yale ya Meru, hukusanywa na mito Kikuletwa na Ruvu, huingia bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, kisha hutoka kwa jina la Mto Pangani na kuteremka Same, Korogwe na Hale hadi baharini. Njiani yanazungusha mitambo ya umeme Nyumba ya Mungu, Hale (megawati 21, tangu 1964) na Pangani Mpya (megawati 68, tangu 1995). Ni safari ya takriban kilomita 500, na mto unamalizikia katika mji wa Pangani, mbele ya pantoni.

Biashara nayo iliwahi kufuata njia hiyo hiyo. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyotoka Uchaggani na Umasaini ilishuka kandokando ya mto huu kwenda Pangani, na nguo, shanga na bunduki zikapanda. Hata Mjerumani Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kibo Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikuwa amekwama huku pwani mwaka mmoja kabla. Katika vita vya Abushiri mwaka 1888, yeye na mwenzake Oscar Baumann walikamatwa na hawakuachiwa mpaka walipotoa fidia. Unaweza kusema huyo ndiye mtalii wa kwanza wa Kilimanjaro kuacha fedha Pangani, ingawa si kwa hiari yake.

Reli ndiyo iliyoihamisha biashara. Ilianzia Tanga na kufika Moshi mwaka 1911. Baadaye barabara kuu ikapita Segera kwenda Dar es Salaam, na Pangani ikabaki pembeni, mji wa minazi na mkonge. Leo maji yetu yanafika kule kila siku. Swali la safu hii ni kwa nini fedha haifiki, na je, mwekezaji mdogo wa Moshi anaweza kuifuata njia ya maji bila kuzama.

MGENI AKISHUKA MLIMANI

Tuanze na yule mgeni ambaye kila mtu Moshi anamtaka. Utafiti wa taasisi ya ODI ya London kwa kushirikiana na SNV ya Uholanzi, uliotolewa mwaka 2009, ulikadiria kuwa wapandaji 35,000 hadi 40,000 kwa mwaka waliacha nchini karibu dola milioni 50, na kwamba asilimia 28 ya fedha hiyo ilifika mikononi mwa watu wa kipato cha chini: wapagazi, waongozaji, wapishi, wauza vyakula. Watafiti hao waliona kiwango hicho ni kizuri, kikubwa kuliko kile cha safari za mbuga za kaskazini, ambacho kilikuwa asilimia 18. Sababu si ngumu kuiona. Mlima haupandwi kwa gari, kwa hiyo kila mgeni anahitaji migongo ya watu.

Lakini mlima pia ni bidhaa ghali ambayo sehemu kubwa ya bei yake si ya mfanyabiashara. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, mgeni wa nje anayepanda kwa njia ya Machame kwa siku sita hulipa dola 70 kwa siku kuingia hifadhini, dola 50 kwa kila usiku wa kambi na dola 20 za uokoaji. Jumla ni dola 690. Ongeza kodi ya thamani asilimia 18, ambayo huduma za utalii zimekuwa zikitozwa tangu Julai 2016, na inakuwa takriban dola 814 kabla hujanunua hata kilo ya mchele. Anayeuza safari hiyo kwa bei ya chini sana, msomaji, jiulize anapunguza wapi. Mara nyingi jibu liko kwenye posho ya mpagazi.

Akishuka, miguu inamuuma na anataka kulala mahali penye joto. Hapo ndipo Moshi inampoteza. Anachukuliwa hadi uwanja wa KIA, anapanda ndege kwenda Unguja, na siku nne au tano za mwisho za likizo yake, zile ambazo mtu hula, hunywa na kununua vitu bila kuhesabu, zinalipiwa Nungwi na Paje. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni 736,755. Siwalaumu. Wana viwanja vya ndege, hoteli za kila bei, na jina ambalo halihitaji maelezo. Lakini kampuni ya Moshi iliyomhangaikia mgeni huyo tangu barua yake ya kwanza haipati hata kamisheni ya maana.

Hoja ya dalali wa wale akina mama wa Mbuyuni ilikuwa hapo hapo: mleteni mgeni Pangani kwa gari, mlaze kwenye kiwanja chenu, na njiani mumpitishe kwenye wanyama. Kama hoja, haina kasoro. Ndiyo maana tulipanda basi.

BARABARANI

Kutoka Moshi hadi Tanga mjini ni takriban kilomita 350, kupitia Mwanga, Same, Mombo, Korogwe na Segera, zote lami. Tanga hadi Pangani ni kilomita 50 nyingine. Anayetaka kukata kona huacha lami Muheza na kushuka moja kwa moja kupitia mashamba ya mkonge, lakini dereva wetu alikataa kuvunja springi kwa ajili ya kuokoa saa moja. Alikuwa na haki.

Gharama si ya kutisha. Tuseme basi dogo linatumia lita moja kwa kilomita nane. Kwenda na kurudi ni kilomita 800, yaani lita 100. Tuseme tena lita ni shilingi 3,000: mafuta ni shilingi 300,000, na mkiwa 12 kila mmoja anatoa 25,000. Kukodi gari kunaweza kuzidi hapo mara mbili au tatu, lakini bado mfanyabiashara wa kawaida wa Moshi anaimudu safari hii mara moja kwa mwaka. Nimeweka hesabu hii makusudi, kwa sababu kila mtu anayezungumzia utalii anamfikiria Mzungu tu. Kila Desemba Wachagga hujaza mabasi kurudi nyumbani. Watu hao wana fedha, wana watoto walio likizo, na baada ya Krismasi wanakaa siku tano wakitazamana na ndafu iliyobaki. Hakuna anayewauzia bahari.

Hapo Same pana jambo ambalo wauza safari wengi hulipita kwa kasi. Lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi liko karibu kabisa na mji. Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu 1951 kabla ya kupandishwa hadhi, na humo wanatunzwa faru weusi na mbwa mwitu. Mgeni anayetoka Moshi asubuhi anaweza kuingia, akaona twiga na Milima ya Pare kwa nyuma, na akafika Tanga kabla ya usiku. Sisi hatukuingia. Mama mmoja alisema hajatoka Mbuyuni kuja kulipia kuona Same.

WANYAMA KANDO YA CHUMVI

Saadani ndiyo hifadhi pekee ya taifa nchini inayogusa Bahari ya Hindi. Ilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 1,100, kuanzia Mto Wami upande wa kusini hadi kaskazini ya Mkwaja. Kutoka Pangani unavuka mto kwenda Bweni, kisha unafuata njia ya pwani kuelekea kusini. Anayetoka Moshi moja kwa moja anaweza pia kuacha barabara kuu pale Mandera, kati ya Segera na Chalinze, na kuingia kilomita 60 hivi.

Nitasema nilichokiona na nisichokiona, maana brosha za utalii zina tabia ya kumweka tembo kwenye mawimbi. Tembo tuliwaona, kwa mbali, ndani ya vichaka, mbali na mchanga. Twiga tulihesabu 14. Kuro, tohe, ngiri na kongoni walikuwa wengi kiasi kwamba akina mama waliacha kupiga kelele. Simba hatukumwona, wala palahala. Kwenye Mto Wami, ndani ya boti, tulikaa saa mbili kati ya viboko na mamba, na juu ya mikoko kuna mdiria wa rangi ya buluu ambaye peke yake angemridhisha mpenda ndege. Msituni tukaona mbega weusi kwa weupe. Mmoja wa wazee wetu akasema huyu ni yule yule wa kwetu msitu wa mlimani. Si yule yule, ni ndugu yake wa pwani, lakini sikubishana.

Kwa mgeni aliyetoka Serengeti, Saadani itamwonekea ndogo na nyasi zake ndefu. Kwa mgeni aliyetoka kushuka mlima na ambaye hana siku nne za kwenda Serengeti, ni jambo jingine. Kiingilio chake kwa mgeni wa nje kimekuwa dola 30 kwa siku kabla ya kodi, chini ya nusu ya kile cha Kilimanjaro, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi kiasi kidogo mno. Mwenye kuuza safari aangalie viwango vipya kila mwezi wa Julai asije akaumia.

Liko pia somo la biashara ndani ya hifadhi hiyo ambalo nilitamani kila mwekezaji alione. Upande wa kaskazini ulikuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja. Ilianzishwa miaka ya 1950 na kampuni ya Amboni, wenye mashamba ya mkonge ya Tanga, ili kupata nyama ya kulisha vibarua. Nyasi zilikuwepo, maji yalikuwepo, mtaji ulikuwepo, na soko lilikuwa la mwenye ranchi mwenyewe. Kilichokuwepo pia ni mbung'o. Kwa miongo karibu mitano walinunua dawa, wakafyeka vichaka, vichaka vikarudi, na mwaka 2000 ranchi ikafungwa. Ardhi ile ile leo ni sehemu ya hifadhi, na mbung'o wale wale wanamuuma mtalii aliyevaa nguo nyeusi au za buluu. Mtaji mkubwa ulishindwa na mdudu ambaye kila mwanakijiji angewatajia bila malipo.

Jambo la pili ni udongo. Sehemu kubwa ya Saadani ni udongo mweusi wa mbuga. Ukilowa, gari halitembei. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei usimwahidi mtu safari ya wanyama huko. Bahati mbaya ni miezi hiyo hiyo ambayo mlima nao hauna watu, kwa hiyo bidhaa hii mpya haitaziba pengo la masika kwenye daftari lako. Itaongeza Julai ambayo tayari imejaa. Ni vizuri kulijua hilo kabla ya kukopa.

KISIWA KILICHOPOTEA

Siku ya tatu tulikwenda Maziwe. Nahodha alitaka tuondoke mapema kabla ya upepo wa kusi kuamka, na alitueleza kwa adabu kwamba bei ni ya boti, si ya kichwa, na kwamba saa ya kurudi anaipanga maji, haipangi yeye. Kwa watu wa Mbuyuni, waliozoea kupatana bei hadi jioni, hili la maji kupanga saa lilikuwa jipya.

Maziwe iko kama kilomita nane kutoka Pangani, na imetengwa kuwa hifadhi ya bahari tangu 1975. Wakati huo kilikuwa kisiwa kweli, chenye mivinje, na kilisifika nchini kwa kasa wanaokuja kutaga. Miti ilikatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimeliwa. Leo maji yakipwa unakuta fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari, zuri kupita kiasi, na matumbawe pembeni ambayo mwenye miwani ya kuzamia anaweza kutazama samaki wa kila rangi. Maji yakijaa, hakuna kitu. Tulikaa saa tatu, na tulipoondoka nahodha alikuwa ameishika nanga mkononi na maji yako magotini.

Kasa wengine bado wanapanda pale kutaga kwa mazoea ya kizazi. Mayai yakiachwa yatazama, kwa hiyo watu wa Ushongo, ufukwe ulio ng'ambo ya pili, wamekuwa wakiyahamisha na kuyafukia upya kwenye mchanga mkavu. Kasa mmoja hutaga mayai 100 na zaidi, na huanguliwa baada ya kama miezi miwili. Kuna ufukwe mwingine wa kutagia, Madete, ndani ya Saadani. Kule Mafia, shirika la Sea Sense liliwahi kuweka utaratibu ambapo mgeni anayekuja kutazama vifaranga wakikimbilia baharini hulipa ada, na sehemu ya ada inaingia mfuko wa kijiji. Nimeupenda utaratibu huo kwa sababu ya kihasibu: yai lililokuwa na bei mara moja, kwenye kikaango, linakuwa na bei kila msimu.

Nilikaa Ushongo hadi saa kumi na mbili jioni tukitazama kiota kimoja. Vifaranga walitoka 40 au 50 hivi kabla giza halijaingia, kila mmoja wa ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai. Mwanachama wa kikundi anayeuza dagaa, mama wa maneno mengi, hakusema neno mpaka wa mwisho alipoingia majini.

KIWANJA CHENYEWE

Kesho yake asubuhi tulikwenda kuona tulichokuja kuona. Dalali alikuwepo, na mchoro mkononi: kiwanja cha mita 80 kutoka nyuma hadi baharini, upana mita 40. Picha aliyokuwa ameileta Moshi ilipigwa wakati wa maji mafu. Sisi tulikuja siku mbili baada ya mwezi mwandamo, bamvua, na maji yalikuwa yamejaa. Mstari wa majani makavu na vifuu ambavyo bahari iliviacha usiku ulikuwa ndani ya kiwanja, kama hatua 15 kutoka bikoni ya mbele. Mnazi mmoja wa kwenye picha ulikuwa umelala, mizizi juu.

Hapo shahada ikapata kazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa. Chukua mita 80, ondoa 15 ambazo bahari imeshazipanga, zinabaki 65. Ondoa 60 za sheria. Kikundi kilikuwa kinauziwa ukanda wa mita tano kwa 40 wa kujengea, kwa bei ya eneo zima. Na huo ni upana wa kibanda cha chipsi.

Dalali alijibu kuwa wenzetu wengi wamejenga karibu zaidi na hakuna aliyewasumbua. Inawezekana. Akasema pia barabara ya Tanga–Pangani–Bagamoyo, ambayo Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wake mwaka 2019, pamoja na daraja la mita 525 lililopangwa kuchukua nafasi ya pantoni, vitapandisha bei mara kadhaa. Hilo pia inawezekana, na nadhani ndivyo itakavyokuwa. Ila bei inayopanda kwa sababu ya lami hupanda hata kwa kiwanja kilicho mita 200 kutoka majini, ambacho hakidaiwi na bahari wala na sheria, na ambacho siku hiyo kilikuwa kinauzwa kwa chini ya robo. Mji wa Pangani wenyewe umelazimika kujengewa ukuta wa kuzuia mawimbi. Anayetaka ushahidi zaidi akaulize kisiwa cha Maziwe kiko wapi.

Lilikuwepo pia suala la hati. Ardhi ilikuwa ya kijiji, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiuzwi kwa karatasi ya mkono kati ya mtu na mtu huku mwenyekiti akigonga muhuri. Inapita halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Tulipoomba muhtasari wa mkutano huo, dalali alisema ataufuatilia. Niliandika neno hilo kwenye daftari na kulipigia mstari.

Na kuna lililo kubwa kuliko kiwanja. Wakulima wa karibu na mdomo wa mto wamekuwa wakilalamika kwa miaka kwamba chumvi inapanda mtoni na minazi inakufa, kwa sababu maji matamu yanayoshuka hayana tena nguvu ya kuisukuma bahari. Maji hayo tunayatumia sisi, juu, kwa mifongo, mashamba na mabomba, na mengine yanakaa bwawani kwa ajili ya umeme. Mzee mmoja wa Bweni alipojua tunatoka Moshi alitutania kuwa tumekuja kununua ardhi ambayo tumeiharibu wenyewe. Tulicheka, lakini si sana.

TULICHOKIPIGIA KURA

Kwenye basi la kurudi, kati ya Mombo na Same, kikao kiliitishwa. Nilieleza hatari ya mwisho, ile ya kuweka mayai yote kwa mgeni mmoja. Moshi hatuhitaji kufundishwa hili. Mikataba ya kimataifa ya kahawa ilipovunjika mwaka 1989, bei iliporomoka na vihamba vikang'olewa mibuni kupanda nyanya. Watalii nao si wa kuaminika kuliko kahawa: mwaka 2019 nchi ilipokea wageni 1,527,230, mwaka 2020 wakawa 620,867, pungufu ya asilimia 59 kwa sababu ya korona. Ni kweli walirudi, na mwaka 2024 wakafika 2,141,895. Lakini mwenye mkopo wa benki wa miezi 24 uliochukuliwa mwaka 2019 hakuwepo tena kusherehekea.

Maoni yangu yalikuwa kwamba fedha ndogo isikae kwenye tofali, ikae kwenye kiti. Wale wanaomiliki vitanda Ushongo na Saadani wanavyo vingi vilivyo wazi nje ya Julai, Agosti na sikukuu. Wanachokosa ni watu. Kampuni ndogo za kupandisha mlima zina watu, ila haziijui njia. Anayeziunganisha, kwa gari la kukodi, kwa bei iliyoandikwa, na kwa makubaliano na mwenye leseni ya utalii (ile ambayo mjini hapa bado inaitwa TALA), hahitaji mtaji wa kiwanja. Anahitaji simu, dereva mwenye adabu, na kalenda ya bamvua.

Hawakukubaliana kirahisi. Mama wa dagaa alitaka kiwanja cha nyuma, kile cha mita 200, kwa sababu kiti hakirithishwi. Ana hoja, na sikuweza kuipangua. Mwisho walikata hivi: robo ya akiba itatengwa kwa kiwanja hicho cha nyuma iwapo tu muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji utaonekana kwa macho, na wanachama wawili watakwenda kuusoma wenyewe mbele ya mtendaji. Sehemu ndogo itakodi basi mara mbili, safari ya kwanza tarehe 27 Desemba kwa familia zilizokuja nyumbani Krismasi, ya pili Februari kwa wageni watakaoshuka mlimani kabla ya masika. Iliyobaki inarudi SACCOS.

Nafasi za Desemba ni 24. Hadi ukurasa huu unakwenda mitamboni, 17 zilikuwa zimelipiwa, tano kati ya hizo na watu wa Kibosho ambao hawajawahi kuiona bahari. Nahodha wa Pangani ameshapigiwa simu. Amesema tarehe 28 maji yatapwa asubuhi, boti iwe tayari saa moja, na mtu asimletee kreti la bia.